Je, Mungu Husema kwa Lugha? Ubishi juu ya Usemi wa Mungu katika Historia ya Uislamu

1. Swali la darasani

Kila mwaka, tunapofika kwenye mlango wa alama ya lugha katika somo la isimu kwa jumla, tunawaeleza wanafunzi kwamba hakuna sababu ya kimaumbile inayolifunga neno na kitu kinachotajwa nalo. Msemaji wa Kiswahili asema nyumba, wa Lingala ndako, wa Kifaransa maison. Jengo ni lile lile, wala halijali linaitwaje. Maana yakaa juu ya mapatano ya jamii. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyetoka Maniema, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na maneno ya Kurani je? Hayo nayo ni mapatano ya watu?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu, na saa ya somo ilikuwa imekwisha.

Mwandishi wa kurasa hizi si mtaalamu wa elimu ya dini. Ni mwanaisimu tu, aliyelazimika kusoma historia kwa ajili ya swali la mwanafunzi wake. Yale aliyoyakuta yalimshangaza. Swali hilo, karibu kwa maneno hayo hayo, liliwahi kuwatia watu gerezani katika mji wa Baghdad, likawavua makadhi vyeo vyao, na likasababisha kifo cha wanazuoni kadhaa. Zaidi ya hayo, jibu lililopatikana baada ya ubishi wa karne mbili ndilo linalofundishwa hadi leo kwa watoto wa pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwa njia hiyo likafika kwetu. Anayetaka kujua Waislamu wanamfahamu Mungu namna gani hawezi kutosheka na kusikia kwamba Mungu ni mmoja. Yampasa aulize vilevile: huyo Mmoja, asiyefanana na kitu chochote, anawezaje kusema maneno ambayo mtoto anayasoma ubaoni?

2. Umoja usiohesabika

Tuanze na umoja, maana ndio msingi wa yote. Sura ya 112 ya Kurani, yenye aya nne fupi, yatosha kuonyesha jambo hili. Yakana kwamba Mungu amezaa, yakana kwamba amezaliwa, yakana kwamba anaye wa kulingana naye. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipojenga Kuba ya Mwamba mjini Yerusalemu, katika mwaka wa 72 wa hijria (691-692), maneno ya sura hiyo yaliandikwa ndani ya jengo lile, pamoja na mengine yanayowaelekea Wakristo juu ya Isa mwana wa Mariamu. Ni mji uliokuwa umejaa makanisa. Mjenzi alijua anasema na nani.

Neno la Kiarabu linalotumika pale ni ahad. Wafasiri wengi wametofautisha ahad na wahid: wahid ni moja ya kuhesabia, ambayo hufuatwa na mbili, lakini ahad haifuatwi na kitu. Kiswahili chetu husema Mmoja, nalo neno hilo lafaa, ila masikio ya mtu wa sokoni husikia ndani yake mwanzo wa hesabu. "Wa pekee" ni karibu zaidi. Neno la pili gumu ni samad. Wafasiri wa kale, kama anavyosimulia Tabari (aliyefariki mwaka wa 923), hawakupatana juu yake: wengine walisema ni bwana anayekusudiwa na wote katika haja zao, wengine wakasema ni kile kisicho na uwazi ndani, yaani kisichokula wala kunywa. Kiswahili hufuata mara nyingi maana ile ya kwanza.

Tuingize hapa neno dogo la sarufi, kwa kuwa tumo katika jarida la Kiswahili. Kiarabu kina maneno mawili: ilah, ambalo lina wingi, yaani aliha, na Allah, ambalo halina wingi kamwe. Shahada ya Waislamu yacheza juu ya tofauti hiyo: lakanwa lile lenye wingi, lathibitishwa lile lisilo na wingi. Kiswahili kilikuwa na neno moja tu, mungu, lenye wingi wa miungu na lililo katika ngeli ya mti na mto kwa umbo lake, ingawa huchukua upatanisho wa mtu: Mungu anaona, wala si Mungu unaona. Ndiyo maana wanazuoni wa pwani walijenga namna mbalimbali za kusema, wakitumia Mola upande mmoja na Mwenyezi Mungu upande wa pili. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina faida ambayo Kiarabu hakina. Kiarabu chalazimika kumtaja Mungu kwa kiwakilishi cha kiume, hata wanazuoni wanapokana kwamba ana jinsia. "Yeye" yetu haisemi lolote juu ya jambo hilo.

3. Yohana wa Damasko na tatizo la Neno

Basi ikiwa Mungu hafanani na kitu, tufanye nini na aya zinazosema kwamba anasikia, anaona, ana mkono, amekaa juu ya kiti cha enzi? Katika nusu ya kwanza ya karne ya 8, Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka wa 745 au 746 katika vita vya Khurasani, alikataa sifa zote za namna hiyo. Wakati huo huo mjini Basra kulianza kundi lililoitwa Muutazila, ambalo kwa mapokeo mwanzilishi wake ni Wasil bin Ata, aliyefariki mwaka wa 748. Wenyewe walipenda kuitwa Watu wa Uadilifu na Tauhidi. Hoja yao juu ya sifa ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu. Ukisema Mungu anajua kwa ujuzi ulio wa milele, na anaweza kwa uwezo ulio wa milele, na anasema kwa usemi ulio wa milele, umeweka vitu vya milele vingapi? Ulisema Mmoja, sasa wako wanne.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Waislamu wa Shamu na Iraki waliishi pamoja na Wakristo wenye mazoea ya mijadala. Yohana wa Damasko, aliyefariki karibu na mwaka wa 749 na ambaye jamaa zake walikuwa wametumikia serikali ya makhalifa, aliwafundisha Wakristo wenzake namna ya kumbana Mwislamu. Kurani yenyewe yamwita Isa neno litokalo kwa Mungu. Mwulize basi: hilo Neno la Mungu limeumbwa au halikuumbwa? Akisema halikuumbwa, amekiri uungu wa Kristo; akisema limeumbwa, mwambie kwamba kabla ya kuliumba Mungu hakuwa na neno. Kila anayeishi katika mitaa yetu, ambamo msikiti na parokia vyatazamana, ataona kwamba hoja hiyo haijazeeka. Muutazila walichagua jibu la kwamba neno limeumbwa, bila kuogopa mwisho wake. Usemi wa Mungu, walisema, ni sauti na herufi ambazo Mungu huziumba ndani ya kitu fulani, kama alivyoziumba katika ule mti Musa aliposikia wito. Kurani ni kiumbe kitukufu, lakini ni kiumbe.

Mwanaisimu hawezi kuficha kwamba jibu hili linamvutia. Lasema kwamba lugha ni lugha: ina sauti, sauti hufuatana, herufi ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe, na kinachoanza na kuisha hakiwezi kuwa cha milele. Lakini tuone lilivyofanya lilipopata upanga.

4. Mtihani wa Baghdad

Khalifa Al-Maamun (aliyetawala 813-833) alikuwa mtu wa vitabu. Katika enzi yake elimu ya Wayunani iliendelea kuhamishwa kwa wingi katika Kiarabu, naye alipenda kuketi na wanaobishana. Mwaka wa 833 (218 wa hijria), akiwa safarini kwenda vitani na Warumi wa Mashariki, alimwandikia naibu wake wa Baghdad, Is-haq bin Ibrahim, akimwamuru awaite makadhi na wapokezi wa hadithi, awaulize mmoja mmoja: Kurani imeumbwa au la? Asiyekiri kwamba imeumbwa asifanywe kadhi, wala ushahidi wake usikubaliwe. Kazi hiyo iliitwa mihna, yaani mtihani. Barua zenyewe zimehifadhiwa katika historia ya Tabari, na zastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa lugha, kwa sababu hoja zake nyingi ni za msamiati.

Mfano mmoja utatosha. Khalifa ashika aya ya 3 ya Sura ya 43, ambayo yasema kwamba Mungu ameifanya Kurani kuwa ya Kiarabu. Kitenzi chake ni jaala. Kila ambacho Mungu amekifanya, asema khalifa, amekiumba. Wapinzani walijibu kwa kitenzi kicho hicho. Ahmad bin Hambali anasimuliwa kuwa alikumbusha Sura ya 105, ambamo Mungu amewafanya watu wa tembo kuwa kama majani yaliyoliwa: je, hapo ndipo alipowaumba? La, walikuwapo tayari, akawageuza hali. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, maana lugha yetu imepokea vitenzi vyote viwili na kuvitenga. Kutokana na jaala tumepata kujaalia: Mungu akitujaalia tutafika salama. Hakuna Mswahili anayesikia katika maneno hayo habari ya kuumba. Lakini kutokana na khalaqa tumepata hulka, na mahuluku kwa maana ya viumbe. Kama khalifa angeandika kwa Kiswahili, hoja yake ingeanguka kabla ya wino kukauka. Bila shaka angetafuta nyingine. Wenye madaraka hawakosi hoja.

Katika barua zile, khalifa awalinganisha wapinzani wake na Wakristo wanaosema kwamba Isa hakuumbwa kwa kuwa ni Neno la Mungu. Kwa hiyo twaona kwamba somo la Yohana wa Damasko lilikuwa limefika mahali pake. Al-Maamun aliamini kwamba anautetea umoja wa Mungu dhidi ya watu wa kawaida ambao, kwa kuipenda Kurani, walikuwa karibu kuifanya mungu wa pili. Ni vigumu kumdharau katika hilo. Pia twaweza kudhani kwamba alitaka jambo jingine: kuwaonyesha wapokezi wa hadithi, waliokuwa na wafuasi wengi mitaani, kwamba mwenye neno la mwisho katika dini ni khalifa.

Wengi walikubali, wengine kwa kusadiki, wengine kwa kuogopa. Miongoni mwa saba wa kwanza walioitwa mbele ya khalifa walikuwamo Ibn Saad, mwandishi wa kitabu kikubwa cha tabaka za Masahaba na waliowafuata, na Yahya bin Main, mkaguzi mkuu wa wapokezi wa hadithi. Wote saba walikiri. Waliobaki wakikataa hadi mwisho walikuwa wawili, Ahmad bin Hambali (780-855) na kijana Muhammad bin Nuh. Walifungwa minyororo wakapelekwa kwa khalifa. Njiani ikaja habari kwamba Al-Maamun amefariki. Muhammad bin Nuh alikufa katika safari ya kurudi. Ahmad alikaa gerezani zaidi ya miaka miwili, akahojiwa mbele ya khalifa mpya, Al-Mutasim (833-842), akapigwa mijeledi, kisha akaachiliwa.

Hoja yake haikuwa ya falsafa. Alidai aonyeshwe aya au hadithi inayosema kwamba Kurani imeumbwa. Wakimbana, alirudia jambo moja: Kurani inatokana na ujuzi wa Mungu; je, mnasema ujuzi wa Mungu umeumbwa? Swali hilo laonyesha hatari aliyoihisi. Mungu ambaye usemi wake ni kitu cha nje yake, kilichotengenezwa kama mawe na milima, ni Mungu ambaye mwanadamu hakuwahi kumsikia. Amesikia mwangwi tu. Kwa maskini wa Baghdad, ambaye hana kitu kingine cha kumkaribia Mola wake ila ile Kurani moyoni mwake, jambo hilo halikuwa mchezo wa wasomi.

Chini ya Al-Wathiq (842-847) mambo yalizidi ukali. Mwaka wa 845, Waislamu na Warumi walipobadilishana mateka kwenye mto Lamos, maofisa wa khalifa walimwuliza kila mateka Mwislamu kama Kurani imeumbwa. Aliyekataa kukiri hakukombolewa. Mwaka wa 846 Ahmad bin Nasr Al-Khuzai, mtu wa ukoo mashuhuri, aliuawa mbele ya khalifa na kichwa chake kikatundikwa Baghdad. Na mwaka huo huo alifariki gerezani Al-Buwayti, ambaye ametuhusu zaidi sisi wa upande huu wa Afrika kuliko tunavyodhani. Yeye ndiye mwanafunzi ambaye Imamu Shafii (aliyefariki Misri mwaka wa 820) alimwachia kiti chake cha kufundisha. Alitolewa Misri akiwa na minyororo shingoni na miguuni. Anasimuliwa kuwa alitoa hoja hii: Mungu aliumba vitu vyote kwa kuviambia viwe, kama neno hilo la kuamuru nalo limeumbwa, basi kiumbe kimeumba kiumbe. Madhehebu ya pwani ya Waswahili, na ya Waislamu wengi wa Maniema, ni yale ya mwalimu wake.

Khalifa Al-Mutawakkil (847-861) aliukomesha mtihani, na kuanzia mwaka wa 848 hivi alikataza ubishi huo. Hivyo serikali iliyoanza kwa kulazimisha jibu ilimaliza kwa kukataza swali.

5. Sauti yangu na usemi Wake

Swali halikukatazika. Lilibadilika tu, na hapa ndipo linapokuwa tamu kwa mwanaisimu. Tukubali kwamba Kurani haikuumbwa: je, kuitamka kwangu? Sauti inayotoka kooni mwangu asubuhi ya leo, ikikwaruza kwa mafua, nayo ni ya milele? Al-Karabisi, mwanachuoni wa Baghdad aliyesoma kwa Shafii, alisema kwamba utamkaji wake wa Kurani umeumbwa. Ahmad bin Hambali alikasirika naye sana. Bukhari (aliyefariki mwaka wa 870), mkusanyaji wa hadithi anayeheshimiwa kuliko wote, alipatwa na taabu mjini Nishapur kwa ajili ya jambo hilo hilo, akaandika kitabu kuonyesha kwamba matendo ya waja, na kutamka kumo ndani yake, yameumbwa. Mtu aliyetoka kuokoka na fitina ya Muutazila alijikuta akishtakiwa na ndugu zake.

Wakati huo huo Ibn Kullab, aliyefariki miaka ya 850, alikuwa ametoa rai ambayo ingeshinda baadaye. Sifa za Mungu, alisema, si Yeye mwenyewe, wala si kitu kingine kisicho Yeye. Na usemi wa Mungu ni maana moja iliyo katika dhati yake, isiyo sauti wala herufi. Inayosomwa kwa Kiarabu ni ibara yake. Abul-Hasan Al-Ashari (874-935 au 936), aliyezaliwa Basra, alisoma kwa Al-Jubbai, mkuu wa Muutazila wa wakati wake, akaachana naye karibu na mwaka wa 912. Yeye na wafuasi wake, hasa Al-Baqillani (aliyefariki mwaka wa 1013) na Al-Juwayni (1085), waliijenga rai hiyo mpaka ikawa fundisho kamili la usemi wa nafsini. Mtu, walieleza, huwa na maana moyoni kabla hajaitamka. Anaweza kuitamka kwa lugha hii au ile, kuiandika, au kuiashiria kwa mkono, na maana ikabaki ile ile. Hivyo Muutazila walipewa haki yao, kwa sababu sauti na herufi zimeumbwa, na Ahmad alipewa yake, kwa sababu usemi wenyewe haukuumbwa. Wafuasi wa Ahmad hawakushukuru. Walisema Mungu wa namna hiyo ni bubu.

Wanafunzi wetu watakimbilia kusema kwamba hapa kuna Saussure kabla ya Saussure. Tunawaomba wasiende mbio. Saussure alitenga mfumo wa lugha na matamshi ya mtu mmoja mmoja, na kwake mfumo huo ni mali ya jamii. Ule usemi wa nafsini si mali ya jamii yoyote. Hauna maneno, hauna sarufi, si Kiarabu wala Kiebrania. Lakini kuna mahali ambapo wazee wale walilishika kabisa swali la mwanafunzi wetu. Abu Hashim (aliyefariki mwaka wa 933), mwana wa yule Al-Jubbai, alifundisha kwamba lugha zilianza kwa mapatano ya watu. Al-Ashari, kinyume chake, alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyemfundisha Adamu majina yote, kama Kurani inavyotaja. Si ajabu waligawanyika hivyo. Kama Kurani ni sauti zilizoumbwa kwa wakati fulani, yafaa lugha iwepo kwanza, watu wakiwa wamekwisha kupatana maana, ndipo Mungu aseme nao kwa lugha yao wakafahamu. Kama lugha yenyewe ni mafundisho ya Mungu, hakuna haja ya kusubiri watu wapatane. Ibn Jinni wa Mosul (aliyefariki mwaka wa 1002), mwanasarufi mkubwa na mwenyewe akielekea upande wa Muutazila, aliipima rai hizo mbili katika kitabu chake Al-Khasais, akakiri kwamba anavutwa huku na huku. Kukiri huko kwatupendeza kuliko uhakika wa wengi.

6. Sifa ishirini, na kalamu mbili

Elimu hiyo ilifikaje pwani yetu? Kwa vitabu vifupi vya kuhifadhiwa. Muhammad As-Sanusi wa Tlemcen, katika nchi inayoitwa leo Aljeria, aliyefariki mwaka wa 1490, aliandika akida fupi, Ummul-Barahin, ambamo alipanga sifa ishirini zinazompasa Mungu na kinyume cha kila moja. Kitabu hicho na mashairi yaliyotungwa kwa kufuata njia yake vilienea tangu Afrika ya Magharibi hadi Indonesia. Katika vyuo vya pwani mtoto huhesabu: kuwapo, kutokuwa na mwanzo, kutokuwa na mwisho, kutofanana na viumbe, kujitosheleza, umoja, kisha uwezo, matakwa, ujuzi, uhai, kusikia, kuona, na ya kumi na tatu, usemi, ambayo kwa Kiarabu huitwa kalam. Mtoto hajui kwamba kwa ajili ya sifa hiyo ya kumi na tatu watu walichapwa mijeledi. Tena Kiswahili kimemwekea mtego. Kiarabu chatofautisha kalam, usemi, na qalam, chombo cha kuandikia. Kinywani mwa Mswahili qafu na kafu huungana, na maneno yote mawili yakiingia yanakuwa kalamu. Ya pili ndiyo iliyobaki katika lugha ya kila siku. Mwalimu asipoangalia, mtoto atahifadhi kwamba Mungu ana kalamu.

Zanzibar iliongeza jambo lake. Masultani wa ukoo wa Busaidi waliotoka Omani walikuwa Maibadhi, na raia wao Waislamu walio wengi walikuwa Mashafii. Ibadhi, ingawa si Muutazila, wako karibu nao katika mambo kadhaa ya akida: wanakana kwamba Mungu ataonekana kwa macho hata Akhera, na wengi wao wamesema kwamba Kurani imeumbwa. Kwa kawaida watu waliishi kwa amani, wakioana na kuzikana. Lakini Sultani Barghash (1870-1888), aliyeanzisha matbaa na kuchapisha ndani yake vitabu vya Kiibadhi, aliwatia gerezani wanazuoni walioacha madhehebu yake na kuyahubiria mengine. Ubishi wenyewe haujafa. Ahmad bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar mwaka wa 1942 na kufanywa Mufti wa Omani mwaka wa 1975, ameandika kitabu kizima, Al-Haqqud-Damigh, kutetea rai za Kiibadhi katika mambo matatu, na kuumbwa kwa Kurani ni mojawapo. Barua ya Al-Maamun, baada ya miaka elfu moja na mia moja na zaidi, bado yapata mtetezi, tena mzaliwa wa Unguja.

Kwetu Kongo, Uislamu ulifika Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, ukaja ndani ya Kiswahili. Ndani ya Kiswahili, lakini si kwa Kiswahili tu, na hapa pana jambo ambalo hatukulitarajia. Abu Hanifa (aliyefariki mwaka wa 767) aliruhusu Kurani isomwe katika sala kwa Kiajemi; wanafunzi wake wawili wakubwa walimruhusu yule tu asiyeweza Kiarabu. Shafii alikataa kabisa. Sasa, kama usemi wa milele wa Mungu ni maana isiyo na lugha, kama wafuasi wa Al-Ashari wanavyosema, mtu angetazamia kwamba tafsiri nayo ni ibara ya maana ile, na ifae katika sala. Lakini Mashafii wengi waliokuwa Waashari katika akida hawakuruhusu hata kidogo. Katika sheria walishikamana na sauti zile zile ambazo katika akida walisema zimeumbwa. Sisi twaona kwamba hapo moyo wa Ahmad bin Hambali umeshinda ndani ya nyumba ya Al-Ashari: Mungu aliye mbali na kila mfano husikika mahali pamoja tu, katika maneno haya, kwa mpangilio huu. Wengine watalieleza kwa njia nyingine, na tutafurahi kuwasoma katika jarida hili.

Tafsiri za Kiswahili zimeongezeka tangu ile ya mmisionari Godfrey Dale ya mwaka wa 1923: ile ya Waahmadiya ya mwaka wa 1953, ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka kamili mwaka wa 1969, na nyingine baadaye. Tulimweleza mwanafunzi wetu haya yote juma lililofuata, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba baba yake, huko nyumbani, hashiki msahafu bila kutawadha. Je, kitabu cha tafsiri tupu ya Kiswahili, kisicho na Kiarabu ndani yake, akishike kwa udhu au bila udhu? Tulimwambia hilo amwulize baba yake.